Shajara ya mradi: mwendokasi ya umeme, Kimara hadi Kivukoni, ndani ya kompyuta

2 Machi

Tumeanza. Kazi ni kutengeneza programu inayoiga njia ya mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) ya Kimara hadi Kivukoni, Dar es Salaam, kana kwamba mabasi yake yote yanatumia umeme, kisha juu yake tujenge mfumo wa kuyaongoza papo kwa papo: basi lipi liondoke sasa, lipi lisubiri kidogo, lipi litolewe likachaji.

Tuko watatu. Mimi naandika programu, dada mmoja aliyebobea kwenye takwimu anashika hesabu, na wa tatu ni fundi umeme ambaye tunamwita Injinia hata tukiwa msibani. Hatuna mkataba na mwendeshaji yeyote wala data za ndani za mtu. Tunazo ramani, vipimo vilivyotangazwa, na rekodi za GPS za simu zetu tulizochukua tukiwa tumening'inia ndani ya basi kama abiria wengine.

Kila ninayemweleza anauliza: kwani Dar ina mwendokasi ya umeme? Haina. Mabasi yaliyoanza safari Mei 2016 yalikuwa ya dizeli, na yaliyoletwa kwa ajili ya njia ya Mbagala yanatumia gesi asilia. Lakini siku umeme ukifika, suala la kuyaongoza litafika nalo siku hiyohiyo, na afadhali liwe limeshatafunwa.

Jambo moja naliandika mapema ili tusibishane baadaye. Skrini kubwa yenye ramani na vidoti vinavyotembea ni kuangalia tu, uongozaji haujaanza hapo. Nimehudhuria maonyesho ya kutosha ambako vidoti vya rangi vinapita, watu wanapiga makofi, na hakuna kidoti hata kimoja kilichoambiwa kifanye nini. Kwetu kila taarifa inayoingia itaulizwa: inatoa amri gani, na amri inamfikia nani?

4 Machi

Leo nimesoma walikotangulia.

Kwa Afrika pa kutazama ni Dakar. Njia yao ina kilomita 18.3 na vituo 23, inatoka Petersen katikati ya jiji hadi Guédiawaye, na mabasi yake 121 ya mita 18 yote ni ya umeme. Ilizinduliwa Januari 2024, safari za kawaida zikaanza Mei mwaka huohuo. Urefu wake unakaribiana na wetu na joto la pwani tunalijua wote, kwa hiyo mtu akituambia basi refu la umeme haliwezi kazi ya ushoroba wenye abiria wengi, jibu lipo Senegal linatembea.

Indianapolis, Marekani, inafundisha upande wa pili. Njia yao ya mwendokasi, Red Line, ilifunguliwa Septemba 2019 kwa mabasi ya umeme, baridi ikaja, masafa ya betri yakawa mafupi kuliko yalivyoahidiwa, ikabidi waweke chaja za ardhini zinazochaji bila waya. Sisi hatuna theluji. Tuna joto la Februari, na kiyoyozi kinachopambana na milango inayofunguka kila baada ya dakika moja au mbili. Nimeandika kwenye ubao: namba ya kilomita iliyoko kwenye kijitabu cha muuzaji haiingii kwenye programu yetu.

Shenzhen, China, nimeiweka pembeni. Walimaliza kugeuza mabasi yao zaidi ya 16,000 kuwa ya umeme mwaka 2017, na somo lake ni la wingi. Sisi tuna njia moja.

8 Machi

Mifupa ya njia imesimama. Kutoka Kimara hadi Kivukoni ni kilomita 15.8. Matawi ya Morocco na Gerezani tumeyaacha kwanza.

Mwendo wa wastani tumeuweka kilomita 23 kwa saa pamoja na kusimama vituoni, kwa hiyo kwenda ni kama dakika 41. Mzunguko mzima, ukiongeza dakika nne za kupumua kila mwisho, ni dakika 90. Mabasi yakipishana kwa dakika tatu tunahitaji mabasi 30 barabarani. Kwa dakika mbili, 45. Tumeanza na 30. Basi la mita 18 likibeba watu 150, hiyo ni nafasi za watu 3,000 kwa saa kwa kila upande. Anayepanda Kimara saa moja asubuhi atacheka akisikia, lakini kwa kujifunza inatosha.

11 Machi

Tumewasha programu bila uongozaji wowote. Mabasi yanaondoka Kimara dakika tatu tatu, madereva wanaendesha wanavyoona, tunatazama. Mpaka kufika Magomeni kuna mabasi mawili yanafuatana kama bata na kifaranga, na nyuma yao pengo.

Hesabu ya jambo hili ni ya zamani. Watafiti Newell na Potts waliiandika mwaka 1964. Chukua kituo kama Manzese, abiria 20 wanafika kila dakika, na kwa milango yote pamoja kila mmoja anatumia nusu sekunde kupanda. Basi lililo kwenye wakati wake linakuta watu 60 na kusimama sekunde 30. Lililochelewa dakika moja linakuta 80, linasimama sekunde 40. Sasa limechelewa sekunde 70, na kituo kinachofuata kina watu wengi zaidi. Kwa mwendo huo, baada ya vituo vitano dakika moja imekuwa zaidi ya mbili. La nyuma linakuta vituo vitupu, linapaa, linalifikia la mbele. Hakuna dereva mzembe hapo. Njia yenyewe, ikiachwa, inajikunja hivyo.

Abiria analipia. Mabasi yakipishana sawasawa kwa dakika tatu, anayefika kituoni bila kuangalia saa anasubiri kwa wastani dakika moja na nusu. Yakiwa mawili mawili, yaani sifuri halafu sita, anasubiri tatu. Mabasi ni yaleyale, madereva walewale, na umeme uliotumika ni uleule, ila kusubiri kumekuwa mara mbili. Hata hali ya kati, dakika moja halafu tano, inampa wastani wa dakika mbili na sekunde kumi. Dada wa takwimu ameigeuza hiyo kuwa grafu moja na kuibandika ukutani. Ukija na wazo jipya, anakuonyesha grafu, anauliza linashusha mstari upi.

15 Machi

Ubishi wa leo: tufuate ratiba au nafasi?

Ratiba inasema basi namba saba liondoke Ubungo saa 1:42. Nafasi inasema basi namba saba liwe katikati ya la mbele na la nyuma yake, saa iwe yoyote. Kwa treni ya Dodoma, ratiba. Kwa njia ambayo basi linakuja kila dakika tatu hakuna abiria anayejua saa 1:42 ni ya basi gani, na kumkimbiza dereva alipe deni la ratiba ni kumfanya aruke abiria. Tumechukua nafasi.

Kanuni tuliyoanza nayo inatokana na Bartholdi na Eisenstein, walioichapisha mwaka 2012 baada ya kuijaribu kwenye mabasi ya chuo cha Georgia Tech. Uzuri wake ni wepesi. Basi likifika mahali pa kusubiri, unaangalia la nyuma yake liko umbali wa dakika ngapi, unalishikilia kwa sehemu fulani ya dakika hizo. Pengo la nyuma likiwa kubwa linasubiri zaidi. Likiwa dogo linaondoka mara moja. Hakuna anayeambiwa akimbie. Nafasi zinajisawazisha zenyewe kila mzunguko.

Kushikilia wapi ndiko kuliko na utata. Kituo cha kati kama Kisutu hakifai: basi likisimama hapo linaziba lililo nyuma yake, na abiria waliomo ndani wana haraka ya ofisini. Tumechagua miisho yote miwili, na Ubungo kwa dharura.

Nilimpelekea wazo hili mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyeendesha mabasi ya abiria miaka mingi. Nikamwamkia, nikamweleza kushikilia kwa dakika moja au mbili. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kijana, umewahi kukaa kwenye basi limesimama, milango wazi, hakuna anayepanda?"

"Nimewahi, mzee."

"Watu walifanya nini?"

"Walipiga mabati."

"Basi mwambie dereva namba. Akitangaza 'tunasubiri sekunde hamsini', watatulia. Ukimwambia 'subiri' tu, hata yeye ataondoka kabla yako."

Amri ya kusubiri sasa inatoka na sekunde zake, na zinahesabika kurudi nyuma mbele ya dereva.

19 Machi

Umeme. Siku nzima na Injinia, chai mara tatu.

Tumekadiria kWh 1.8 (kWh ni zile uniti za umeme) kwa kilomita kwa basi la mita 18 lenye kiyoyozi. Mzunguko mmoja wa kilomita 31.6 unakula kama kWh 57. Betri ya kWh 350, ukiitumia kati ya asilimia 90 na 20 ili isichakae haraka, inatoa 245. Hiyo ni mizunguko minne na robo. Basi la kutwa linalopiga mizunguko kumi linahitaji kWh 569, maana yake 324 ziingie mchana. Kwa chaja ya kW 150 ni vipindi viwili vya dakika 65 hivi.

Mabasi ya msongamano wa asubuhi na jioni hayana shida. Yanarudi depo saa nne, yanachaji jua likiwa juu, yanatoka tena saa tisa. Kazi iko kwa yale ya kutwa.

Injinia alinikumbusha kwamba kilomita za kwenda na za kurudi hazilingani. Kivukoni ni ukingoni mwa bahari, Kimara ni juu. Basi la tani 28 likipanda mita 100 linahitaji karibu kWh 7.6 za kuinua uzito tu, kabla ya upotevu. Likishuka, breki zinazorudisha umeme zinaokoa sehemu yake. Kwa hiyo asilimia 24 ukiwa Kimara na asilimia 24 ukiwa Kivukoni ni habari mbili tofauti. Mfumo usiulize "limebaki na ngapi?" Uulize "likifika mwisho unaofuata litakuwa na ngapi?"

Na kuna hesabu moja iliyotufurahisha. Basi likishikiliwa dakika moja huku kiyoyozi kinavuta tuseme kW 20, linatumia theluthi moja ya kWh. Hiyo ni chini ya mita 200 za mwendo. Kusubiri ni bei rahisi sana.

22 Machi

Leo ndiyo siku ya mradi huu, kama mradi una siku yake.

Injinia alipendekeza chaja za mwishoni: mkono unashuka juu ya paa la basi, kW 300, linachaji wakati dereva anapumzika. Dakika nne za kupumzika, toa moja ya kuunganisha na kutenganisha, zinabaki tatu: kWh 15. Mara mbili kwa mzunguko ni 30. Basi linalokula 57 linapungukiwa 27 tu kila mzunguko, na zile 245 zinafika mizunguko tisa bila kutoka njiani. Karibu kutwa nzima. Tukashangilia kidogo.

Halafu dada akauliza: "Hizo dakika nne si ndizo mlizosema za kusawazisha nafasi?"

Kimya.

Ndizo. Dakika za mwishoni ni chungu kimoja na kila mtu anachota humo. Dereva anataka kunyoosha mgongo, nafasi zinataka kusawazishwa, betri inataka kula. Na basi lililochelewa linafika Kimara likiwa halina dakika hata moja kwenye hicho chungu. Kanuni ya nafasi inaliambia liondoke, maana la nyuma limeshalifikia. Linaondoka bila kuchaji.

Tukaitazama tena ile jozi ya Magomeni, safari hii tukiangalia betri. Basi la mbele limechelewa kwa sababu limebeba watu wengi. Ni zito, limefungua milango muda mrefu, kiyoyozi kimehangaika. Limetumia umeme mwingi kuliko wenzake. Na ndilo lililokosa chaji mwishoni. Lililo nyuma yake limepita vituo vitupu, limetumia kidogo, limefika mapema, limekaa kwenye chaja likashiba. Mzunguko ukijirudia, la mbele linazidi kuishiwa na la nyuma linazidi kujaa. Kwenye dizeli, kufuatana kwa mabasi kunaumiza abiria na kunaisha jioni. Kwenye umeme kunaandikwa ndani ya betri, na mchana yale yaliyofanya kazi kubwa ndiyo yanayolazimika kutolewa.

Kwa hiyo zile programu mbili tulizopanga, moja ya nafasi na moja ya chaji, kila moja na skrini yake, tumezifuta kwenye ubao. Itakuwa moja. Amri ya kuondoka inatolewa na hesabu moja yenye pande mbili: pengo la nyuma na kWh za mwisho unaofuata.

25 Machi

Kutoa basi njiani bila kuacha shimo.

Ukilitoa basi moja kati ya 30, pale lilipokuwa panakuwa na pengo la dakika sita linalozunguka njia nzima. Ukiwasambaza wote 29 sawasawa, nafasi ni dakika tatu na sekunde sita. Abiria hata hajui. Shida ni muda wa kutoka hali ya kwanza hadi ya pili. Kanuni ya kushikilia inatibu, ila inahitaji mabasi yafike miishoni, na wakati huo watu wanajaa Mwembechai.

Tulichofanya: mfumo unatabiri mzunguko mmoja kabla kwamba basi fulani litahitaji kutoka. Kuanzia hapo, hesabu ya nafasi inalichukulia kama halipo. Linaendelea kubeba abiria kama kawaida, lakini la mbele yake na la nyuma yake yanaanza kusogeleana kana kwamba limeshaondoka. Siku ya kuondoka ikifika (dakika ya kuondoka, niseme) pengo limeshaanza kuzibika. Injinia amelipa jina la basi mzimu na sasa hakuna anayelitaja kwa jina lingine.

Kwenye majaribio pengo kubwa lilipungua vizuri, halikuisha. Kuna gharama yake pia: kwa mzunguko mmoja wa mwisho, basi mzimu linatembea karibu mno na mwenzake na linabeba wachache. Dada anaona ni sawa, kwa kuwa basi lenye chaji kidogo afadhali lisibebe mzigo mkubwa. Mimi bado naona ni anasa wakati wa msongamano. Tumekubaliana saa za asubuhi basi lisitolewe mpaka lipo la kubadilishana nalo Kimara, tayari na dereva ndani.

28 Machi

Taarifa za mabasi. Fupi, maana ni kazi ya kuchosha na haina utamu.

Kila basi linatuma mahali lilipo, mwendo, asilimia ya betri na hali ya milango kwa ujumbe mdogo wa MQTT (njia nyepesi ya vifaa kutumiana taarifa) kila sekunde tano. Mtandao wa simu ukikatika, kifaa kinahifadhi na kutuma baadaye, na hapo ndipo seva inapopokea ujumbe wa dakika tatu zilizopita ukidai ni wa sasa. Kila ujumbe una saa yake ya kuzaliwa. Ujumbe mzee kuliko sekunde 30 hautoi amri. Kati ya vituo vya Fire na Posta, penye majengo marefu, GPS inaruka mpaka barabara ya jirani, kwa hiyo tunaibana kwenye mstari wa njia na kumuamini zaidi mlango: ukifunguka, basi liko kituoni, mjadala umekwisha. Chaja zinaongea kwa OCPP, lugha ya pamoja ya chaja na seva, ili tusifungwe na mtengenezaji mmoja.

Na basi likipotea kabisa kwenye skrini? Linakadiriwa kwa mwendo wa wenzake, na majirani zake hawapewi amri ya kusubiri zaidi ya sekunde 30. Mfumo usioona vizuri usiamrishe kwa sauti kubwa.

3 Aprili

Usiku depo. Chukua mabasi 60, kila moja linataka kWh 245. Yote yakichomekwa saa sita usiku kwa kW 150 yanavuta megawati 9 kwa pamoja, kisha baada ya saa moja na nusu au mbili hakuna kitu. Yakisambazwa kwa saa tano ni megawati 2.94, ongeza upotevu wa asilimia kumi hivi, tuseme 3.3.

Mtu akisema nchi haina umeme wa kutosha kwa mwendokasi, bwawa la Julius Nyerere peke yake ni megawati 2,115. Megawati tatu hazionekani huko. Zinaonekana kwenye transfoma ya mtaa na waya unaoingia depo, na tofauti ya 9 na 3.3 ndiyo tofauti ya kununua mitambo mikubwa au ya kawaida. Kupanga foleni ya chaji ni programu ya kurasa chache. Kwa nini iwe kitu cha kufikiriwa mwisho, baada ya mabasi kununuliwa, sielewi.

Foleni yenyewe haifuati nani amefika kwanza. Inafuata nani anaondoka kwanza alfajiri, na njia anayokwenda.

9 Aprili

Masika imekolea. Leo mvua imenyesha tangu usiku na tumepata sababu ya kufanya jaribio tuliloliogopa: Jangwani.

Kwa asiyejua: barabara inashuka bonde la Msimbazi kati ya Magomeni na Fire, na mto ukijaa maji yanapita juu ya lami. Safari za mwendokasi hapo zimesitishwa mara nyingi. Depo ya awamu ya kwanza nayo imejengwa bondeni humo, mafuriko yameshaingia na kuharibu mabasi, na kuihamisha kumo kwenye mipango ya kuliendeleza bonde hilo. Maji ndani ya injini ya dizeli ni hasara. Maji kwenye chaja na betri ni jambo ambalo Injinia hataki hata tulijadili. Kwenye programu yetu hakuna chaja Jangwani, nukta.

Barabara ikifungwa, njia inakuwa mbili. Upande wa Kimara hadi Magomeni unajitegemea. Upande wa mjini, Fire hadi Kivukoni, unabaki kisiwa, na mabasi yaliyokutwa huko ndiyo hayohayo mpaka maji yapungue.

Tukalifunga Jangwani saa mbili asubuhi ya kuigiza, bila onyo. Mfumo ulifanya kilichotarajiwa kwa nafasi: ukagawanya mabasi, ukaanza kuyageuza Magomeni na Fire, nafasi zikatulia. Lakini kisiwani kulikuwa na mabasi mengi kuliko yanayohitajika, na mengi yalikuwa yamefika kutoka Kimara asubuhi, betri zikiwa nusu. Kimara palikuwa na chaja zinazokaa bure na mabasi machache. Chaja ya Kivukoni ikawa na foleni.

Tukafunga tena, safari hii tukiwa na kitufe cha tahadhari kinachobonyezwa na mtu saa moja kabla. Kikibonyezwa, mfumo unaanza kupunguza mabasi yanayovuka kwenda mjini, unahakikisha yanayovuka yana chaji ya kutosha kukaa huko kutwa, na yale yenye betri ndogo unayarudisha Kimara mapema. Njia nzima inapata huduma hafifu kidogo kwa saa hiyo moja. Baada ya hapo, pande zote mbili zinaendelea.

Nani abonyeze? Dada alitaka kipimo cha maji mtoni kibonyeze chenyewe. Nimekataa. Kitufe hiki kinapunguzia watu mabasi wakati ambapo barabara bado iko wazi. Lazima awepo mtu mwenye cheo chake kwenye chumba cha uongozaji anayeweza kuulizwa. Kipimo kimpigie kengele, mkono uwe wake. Hoja hii haijaisha, ila kura zilikuwa mbili kwa moja.

13 Aprili

Skrini ya dereva imepunguzwa tena. Ilikuwa na ramani, asilimia, nafasi ya mbele, nafasi ya nyuma, na rangi nne. Yule mzee aliitazama, akauliza: "Niendeshe au nisome?"

Zimebaki amri tatu. ONDOKA. SUBIRI, na sekunde zake. UKIMALIZA SAFARI HII, NENDA CHAJI. Asilimia ya betri imebaki pembeni kwa maandishi madogo kwa sababu alisisitiza: dereva asiyejua amebakiwa na nini hatauamini mfumo hata ukiwa sahihi. Amri isiyotekelezeka, kwa mfano basi limezuiwa na bodaboda zilizoingia njia yetu au na taa za Magomeni, anaigusa mara moja kuikataa, na chumba kinaona. Kukataa hakuhitaji maelezo wakati anaendesha. Maelezo yatachukuliwa jioni, kwa mdomo.

Kinachofuata ni tawi la Morocco. Linachomoka Magomeni, na mabasi yake yanaingia njia kuu kuelekea mjini yakiwa na nafasi zao wenyewe, nzuri kabisa, ambazo zikichanganyika na nafasi nzuri za Kimara zinatoa mabasi mawili mawili kuanzia hapo hadi Kivukoni. Dada anasema ashikiliwe wa Morocco kwa sababu ni wachache. Mimi naona ashikiliwe mwenye chaji nyingi zaidi. Tumeandika zote mbili, tunaziendesha kesho.